Paka Si Ng'ombe Mdogo

Ingia agroveti yoyote hapa Nairobi useme, "Paka wangu anajikuna mpaka ametoka vidonda." Kisha hesabu. Kabla hujafika kumi, muuzaji atakuwa ameshageukia rafu. Hatakuuliza paka ana kilo ngapi. Hatakuuliza anajikuna wapi, masikio ama kiuno, wala kama ni paka mzima ama ni mtoto wa wiki sita, wala kama ananyonyesha. Ataweka kwenye kaunta dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, yenye picha ya ng'ombe kwenye lebo. Ukisema huna pesa ya chupa nzima, atakuvutia kidogo kwa sirinji na kukutilia kwenye kichupa kisicho na maandishi. Sasa hata ile picha ya ng'ombe, ambayo pengine ingekushtua, imebaki dukani. "Changanya na maji, muogeshe, atapona."

Mimi nimeishi kwenye ploti moja miaka minne. Katika miaka hiyo sijaona paka hata mmoja aliyeuawa na kujikuna. Nimeona watatu waliouawa na dawa ya kujikuna. Ni hesabu ya ploti moja, sawa, usinikamate hapo. Lakini uliza kwenye ploti yako. Uliza paka wa mlango wa chini alienda wapi. Utaambiwa "aliugua ngozi akafa," na ukichimba kidogo utakuta karai, maji na kichupa.

Kabla hujaniuliza mimi ni nani: si daktari. Niliacha chuo mwaka wa tatu (hiyo ni hadithi ya siku nyingine, na haina uhusiano na paka), na tangu hapo nakula kwa kuandika. Kwa karibu miaka miwili, kazi iliyonilipia nyumba ilikuwa makala za wanyama wa nyumbani kwa mteja wa Marekani. Senti moja ya dola kwa neno. Mbona paka wako anajilamba tumbo mpaka limebaki kipara. Mbona paka wako anatikisa kichwa. Mteja hakutaka porojo, kwa hivyo nilisoma vitabu vya veti usiku kucha, na kila nilichoandika kilipitiwa na daktari wao. Siku moja waliniambia onyo kuhusu permethrini lihamishwe kutoka aya ya sita hadi juu kabisa, kwa herufi nzito: dawa ya viroboto ya mbwa isimguse paka. Nikahamisha. Basi mtu wa Ohio akalindwa na sentensi niliyoiandika nikiwa Umoja, mlango wa pili kutoka choo cha ploti, huku nje ya dirisha langu paka wa jirani akiogeshwa dawa ya ng'ombe. Maarifa haya yalipita mikononi mwangu yakaenda ng'ambo kama parachichi za daraja la kwanza. Leo nayaleta sokoni kwetu, bila malipo.

Tuanze na ini. Ini la paka limepungukiwa na baadhi ya vimeng'enya ambavyo ini lako, la mbwa na la ng'ombe hutumia kuvunja sumu na kuitoa mwilini. Si ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa, mla nyama tangu jadi. Kwa hivyo kitu ambacho mwili wako unakimaliza kwa saa chache, kwake kinazunguka na kuzunguka. Kidonge kimoja cha paracetamol, kile unachomeza ukiumwa na kichwa na kuendelea na shughuli zako, kinaweza kumuua paka mzima. Ile dawa ya kahawia ya kuua viini inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini, ambayo nusu ya Kenya inaamini inatibu kila kitu kutoka chunusi hadi husuda, ni sumu kwake. Mafuta ya taa ni sumu. Oili chafu ya gari, ambayo kuna watu wazima wenye akili zao wanampaka paka eti inawakaba wadudu pumzi, ni sumu. Hata mafuta ya mti chai yanayouzwa na wale wa "asili haina kemikali" ni sumu, na wao ndio wanaoniudhi zaidi kwa sababu wanauza ghali.

Halafu kuna ulimi. Ulimi wa paka una vimiiba vidogo vinavyotazama nyuma, na anautumia sehemu kubwa ya muda anaokuwa macho kujichana. Ng'ombe ukimwogesha dawa anasimama juani akauke. Paka atakaa chini ya kitanda na kuilamba yote, kuanzia bega mpaka ncha ya mkia. Chochote unachompaka paka umemlisha. Hii sentensi moja ingebandikwa kwenye kila kaunta ya agroveti, mimi ningeenda kulala.

Na permethrini, hii inaniuma kwa sababu ya Kenya yenyewe. Nchi hii kwa miaka mingi ilikuwa inaongoza dunia kwa kilimo cha pareto. Wazee wa Molo na Nyandarua walisomesha watoto kwa yale maua meupe. Mwaka 1973 wanasayansi wa Rothamsted, Uingereza, wakiongozwa na Michael Elliott, walitengeneza permethrini kwa kuiga kemikali ya ua la pareto, lakini wakaifanya isiharibiwe haraka na jua. Kwa mbu na kupe ni kazi safi. Kwa mbwa iko sawa. Paka akipakwa ile ya mbwa, anaanza kutetemeka masikio, kisha mwili mzima, kisha degedege. Kwingineko onyo hili linachapwa kwenye pakiti kwa mchoro wa paka aliyekatwa mstari mwekundu. Sisi tuliolima ua lenyewe tunauziana unga wake kwa kijiko.

Sasa nikueleze kuhusu Karani.

Karani alikuwa paka dume wa rangi ya machungwa, wa shosho wa nambari nne. Aliitwa Karani kwa sababu alikaa mlangoni pa tangi la maji kila asubuhi kama mtu anayesubiri kuandika majina. Ploti yetu ina panya wa saizi ya mguu wa mtoto, na Karani ndiye aliyekuwa anawapunguza. Hakuna aliyemlipa. Msimamizi wa ploti alikusanya pesa ya taka, ya maji na ya ulinzi. Pesa ya Karani haikuwepo kwenye daftari lolote, na Karani hakulalamika. Mwaka jana, baada ya mvua ndefu, akaanza kujikuna. Alijiuma pale kiuno kinapokutana na mkia mpaka manyoya yakaisha, ngozi ikabaki nyekundu, ikawa kidonda kinachotoa maji. Watoto wakaanza kumkimbia. Shosho anauza sukuma na nyanya. Alifunga kibanda mapema Jumamosi, akaenda agroveti na shilingi 80.

Nilikuwa nimesafiri Nakuru wikendi hiyo. Niliporudi Jumatatu, Karani alikuwa ameshazikwa nyuma ya choo na wajukuu. Alimwogesha Jumapili baada ya kanisa. Jioni Karani alianza kupepesuka kama mlevi, mate yakimtoka, kisha akalala na mwili ukapoa, moyo ukipiga polepole. Hizo ndizo dalili za amitrazi, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kuogeshea ng'ombe. Shosho hakujua. Aliniambia, "Kijana wangu, nilimpikia uji nikautia maziwa, akakataa. Nikajua ameamua kuniacha." Alimfunika kwa leso yake. Kabla ya alfajiri akafa.

Nikaenda lile duka. Sikwenda kupigana, mimi sina mwili wa kupigana. Nilimuuliza jamaa kama alijua dawa ilikuwa ya paka. Akasema, "Bosi, kama inaua kupe wa ng'ombe, kiroboto ni nani?" Akaongeza kwamba pengine upele ulikuwa umeshaingia ndani, shosho alichelewa. Hapo ndipo nilipokasirika kweli, na bado sijapoa. Mwanamke aliyefunga biashara yake, akatembea, akalipa, akafanya kama alivyoelekezwa neno kwa neno, ndiye anaambiwa amechelewa. Na yeye ameamini. Mpaka leo anasema aliwahi kumchelewesha paka wake.

Hakuchelewa. Karani hata hakuwa na upele. Nilichukua lile gunia alilokuwa akilalia, nikalikung'uta juu ya tishu nyeupe iliyoloweshwa maji. Zikaanguka chembe nyeusi kama pilipili manga, na baada ya dakika moja kila chembe ikachora duara la rangi ya kutu. Hiyo ni damu. Kiroboto hunyonya damu na kinyesi chake ni damu iliyokauka. Jaribio lenyewe halikunigharimu kitu. Unaweza kulifanya leo usiku: mchane paka kwa kitana cha chawa, kile chenye meno yaliyobanana, pale juu ya mkia, ukung'ute kwenye tishu mbichi. Ukiona rangi ya kutu, umepata jibu ambalo agroveti hakukuuliza.

Na jibu hilo linabadilisha kila kitu, kwa sababu kiroboto haishi pale unapopaka. Wale unaowaona wakikimbia kwenye manyoya ni kama asilimia 5 tu ya jeshi. Asilimia 95 iliyobaki ni mayai, mabuu na vifukofuko, na havimo kwa paka, vimo nyumbani kwako. Jike mmoja hutaga mpaka mayai 40 au 50 kwa siku. Mayai hayashiki, yanadondoka kila paka anapopita, chini ya kochi, kwenye nyufa za sakafu, kwenye lile zulia ulilopewa na shangazi. Kifukofuko kinaweza kukaa miezi kikisubiri, kisha kikisikia mtikiso na joto la mwili kinapasuka. Ndiyo maana unahamia chumba kilichokaa bila mpangaji na wiki ya kwanza unaumwa vifundoni. Kwa hivyo hata dawa ya Karani ingekuwa salama, ingeua wale asilimia 5, na gunia lingemrudishia wengine kabla ya Ijumaa.

Kuna paka ambao si wingi wa viroboto unaowatesa, ni mate. Wana mzio wa mate ya kiroboto, na kuumwa mara chache tu kunatosha kuwafanya wajichane nyama. Mtu anakwambia, "Nimemtafuta sioni kiroboto hata mmoja, basi ni kitu kingine." Huoni kwa sababu paka ameshammeza. Paka akijilamba vizuri anameza ushahidi wote, na mara nyingine anameza na minyoo ya tegu pamoja nao.

Si kila mwasho ni kiroboto. Paka anayekuna masikio tu, anatikisa kichwa, na ndani ya sikio kuna uchafu mweusi kama masalio ya kahawa, huyo ana utitiri wa masikio. Akiachwa atajipiga mpaka sikio lijae damu livimbe kama mandazi. Magamba mazito ya kijivu yanayoanzia ncha za masikio na kushuka usoni, hapo ndipo kuna upele wenyewe, na huo unaambukiza paka wengine upesi sana, na wewe unaweza kuwashwa siku kadhaa pia. Duara la kipara lisilowasha sana ni choa, ambacho ni kuvu wala si mdudu, na dawa ya kupe ya duniani kote haiui kuvu. Angalia watoto wa nyumba hiyo kwenye shingo na mikono. Uvimbe wenye usaha baada ya usiku wa makelele juu ya mabati ni jipu la kung'atwa, dume kwa dume. Paka mweupe mwenye kidonda cha ncha ya sikio kisichopona, na sisi tunaishi hapa jua linapopiga wima, huyo asisubiri, inaweza kuwa saratani. Kuna mzio wa chakula, kuna wasiwasi pia, paka anahamishwa nyumba anaanza kujilamba.

Unaona hiyo orodha? Mambo saba, nane, na kwa muuzaji yote yana chupa moja.

Kidonda ni mwisho wa hadithi. Tunakishughulikia kwa sababu ndicho kinachotutia aibu. Hapa ndipo nina ugomvi na sisi wenyewe, si agroveti peke yake. Paka akiwa mzima, ni wa kila mtu, watoto wanambeba, mama mboga anamrushia vichwa vya omena. Akitoka vidonda, ghafla ni wa mtu mmoja. "Paka wako mchafu." "Huyo ametumwa." Kwenye ploti nyingine ya mtaa wetu mwenye nyumba alibandika karatasi getini kwamba paka wenye vidonda watolewe kabla ya mwisho wa mwezi. Mapipa ya taka yalikuwa hayajachukuliwa wiki tatu. Panya hawakubandikiwa karatasi. Wapangaji wakafanya kile ambacho watu wa Nairobi hufanya, paka akatiwa kwenye gunia, akapandishwa nduthi usiku na kuachwa sokoni, mbali ya kutosha asirudi. Akifika huko ana vidonda vilevile, viroboto walewale, na sasa hana mtu.

Wazee husema upele humwota asiye na kucha. Paka anazo kucha kumi na nane na upele anao, na hizo kucha ndizo zinazomfungua ngozi. Anajisaidia kwa kitu pekee alichonacho. Sisi tulio na vidole, macho, maji na simu yenye tochi ndio tunaosimama mbali tukisema ananuka.

Kuna wa aina nyingine, na hawa wengi wenu mnawajua kwa sababu mnakunywa nao kahawa. Mtu anauliza kwa heshima afanye nini na paka mwenye vidonda, anajibiwa, "Kama huna pesa ya veti usifuge paka." Kwisha. Mwenye kusema hivyo ana paka wa nywele ndefu aliyenunuliwa, anaishi Kilimani ghorofa ya nane ambapo kiroboto angehitaji lifti. Shosho hakununua Karani. Karani alikuja na mvua, kama paka wote wa mtaa wanavyokuja. Ukimwambia shosho asifuge, humwondolei paka shida, unamwondolea paka shosho. Aibu haijawahi kumpeleka mtu kwa daktari. Inampeleka kwa yule asiyeuliza maswali, na tayari nimeshakueleza yule ni nani.

Na kuna sindano. Huyu ni jamaa anayepita na begi, anadunga paka sindano ya mwasho, na kweli kesho yake paka ametulia, mwenye paka anamsifu jamaa mtaa mzima. Mara nyingi ni steroidi. Ina kazi yake mikononi mwa daktari. Lakini inazima king'ora bila kuuzima moto. Wiki chache baadaye mwasho unarudi, anadungwa tena, na tena, na paka anayedungwa hivyo mara kwa mara anaweza kuishia na kisukari.

Najua mnachosema sasa hivi. Watu wanalala hospitalini sakafuni, wewe unatuandikia kuhusu paka. Nimeisikia hiyo kutoka kwa rafiki zangu wenyewe, wale wa siasa kali, na kila mara inasemwa na mtu ambaye wakati huo hamsaidii mgonjwa yeyote. Nitajibu mara moja. Viroboto wa paka wanauma watoto. Choa cha paka ni choa cha mtoto. Kile kichupa kisicho na lebo hukaa chini ya sinki karibu na chupa ya soda, nyumbani kwa wajukuu wanne. Mwanamke wa miaka sabini aliishika hiyo dawa kwa mikono mitupu, bila glavu, kwa sababu aliyemuuzia hakuona haja ya kumwambia. Duka linalompa shosho sumu ya kumwogesha paka bila swali moja ni duka lilelile litakalompa kitu kingine kesho bila swali. Dharau ni ileile, imeanzia kwa paka kwa sababu paka hawezi kurudi kudai pesa zake.

Sikiliza hata tunavyowaita madaktari wenyewe. Daktari wa mifugo. Mtaani tunafupisha zaidi, daktari wa ng'ombe. Mfugo ni kile kinachotoa maziwa, nyama, mayai, ngozi. Agroveti ni mtoto wa fikra hiyo, duka lililoanzishwa kumhudumia mkulima, na kwa mkulima limefanya kazi ya maana, kupe na ndigana kali si mchezo. Lakini duka likahamia mjini, likaja Umoja na Kayole na Zimmerman ambako hakuna ng'ombe, likaja na rafu yake vilevile na dozi zake vilevile. Mteja sasa ni mtu wa bedsita mwenye paka wa kilo tatu. Ng'ombe mzima ana kilo mia nne.

Sheria haziko mbali. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza ukatili kwa wanyama, na mnyama pale si ng'ombe peke yake. Tuna sheria ya mwaka 2011 ya madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, tuna bodi ya kuwasimamia. Sitaki tume. Nataka muuzaji aulize maswali matatu kabla ya kugeukia rafu: ni mnyama gani, ana kilo ngapi, anajikuna wapi. Na nataka dawa isitolewe kwenye chupa yenye lebo na kutiwa kwenye chupa isiyo na lebo, kamwe. Asipouliza, wewe ondoka. Peleka shilingi zako 80 kwingine. Wauzaji husoma bodi mara chache; wateja wanaotoka mikono mitupu wanawasoma kila siku.

Mfuko ukiwa mdogo bado kuna mengi. Kitana cha chawa, kila siku, na bakuli la maji ya sabuni ya vyombo pembeni la kuwazamisha wanaonaswa. Sabuni hiyohiyo, kidogo, na maji ya vuguvugu, ndiyo unayoweza kumwoshea paka mchanga aliyejaa viroboto, umkaushe vizuri asipate baridi, na usicheleweshe maana hao wachanga hufa kwa kunyonywa damu. Gunia, blanketi, zulia, vyote maji moto kila wiki. Fagia chini ya kitanda, si mbele yake tu, na kile ulichofagia kitoke nje ya nyumba siku hiyohiyo. Endelea miezi mitatu, kwa sababu ya vile vifukofuko. Paka wote wa nyumba watibiwe pamoja ama usijisumbue. Kidonda kioshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kidogo cha chumvi kwa nusu lita, na umkatie kola ya boksi shingoni asikifikie. Ukipata pesa ya dawa moja tu, iwe ile ya matone ya shingoni iliyoandikwa paka, kwa uzito wake, inayowekwa pale ulimi haufiki. Msilipe peke yenu kama ni paka wa ploti. Sisi sasa tunachanga shilingi 50 kila mlango, milango kumi na mbili, na kulikuwa na kelele mkutano wa kwanza, lakini baada ya Karani panya walikuwa wameingia mpaka kwenye unga, kwa hivyo kelele hazikuwa ndefu. Ukiweza kufika Kabete, Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo ambako wanyama wadogo pia hutibiwa. Ukifika kwa daktari yeyote, mwambie mwasho ulianza lini na wapi, kabla hata hajauliza.

Na kama unasoma hii ukiwa umeshammwagia, acha kusoma kwa sauti ya kujilaumu, fanya hivi. Mwoshe sasa hivi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, yasiwe moto wala baridi, mpaka harufu iishe. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mkaushe kwa taulo, umfunge kwa nguo kavu abaki na joto, na usimwache ajilambe. Usimpe maziwa, hayazimi sumu hata kama nyanya yako aliapa. Usimtapishe. Akitetemeka au kulegea, hiyo si ya kungoja asubuhi, tafuta nduthi umpeleke kwa daktari. Beba na chupa, hata kama haina lebo, na kama haina, mpigie muuzaji ukiwa njiani umlazimishe akutajie jina.